Hakuna Aliyetupa Hata Kikombe

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Onesmus amefanikiwa. Siku imeharibika kabla ya chai.

Amepita kwenye kibanda changu cha kupiga chapa na kutoa fotokopi, hapa mjini Machakos karibu na stendi ya mabasi, akitaka nakala za mwaliko. Mwaliko wake mwenyewe! Kanisa moja upande wa Kathiani linamtaka akazungumze na vijana kuhusu kitabu chake, Makaa Kichwani: Hadithi ya Kweli ya Utoto Mgumu. Alijichapishia mwaka jana. Sasa anaalikwa huku na huku, anapewa kiti cha mbele, anapewa soda kabla ya wachungaji.

Tulisoma darasa moja kijijini kwetu Mitaboni. Kwa insha nilimshinda kila muhula. Nimemwambia bado sijapata nafasi ya kukisoma kitabu chake. Ameniachia nakala ya bure, amesaini. Nimeiweka chini ya ule mguu mfupi wa meza. Meza imetulia.

Nimeamua. Nami nitaandika. Mashine ninayo, karatasi ninazo, stepla ninayo. Kinachokosekana ni utoto mgumu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshinda na kalamu nikikumbuka mateso. Taabu ni kwamba marehemu baba alikuwa mkaguzi wa nyama. Kila Ijumaa ini lilifika nyumbani limefungwa kwa gazeti. Mama yangu, Kalondu, alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi na mkono mzito wa kupakua. Shuleni waliniita Kilo.

Mateso niliyoyapata kufikia saa sita: niliumwa na nyuki. Nilichapwa kwa kuvunja dirisha la kanisa. Nilinyimwa kipande cha tatu cha mkate, mara moja, nikiwa na homa.

Mumbua, mke wangu, alisoma akiwa nyuma yangu. "Baba Mutindi," akasema, "hicho cha mkate kitawaliza watu."

Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Fikra! Si lazima utoto wote uwe wangu.

Liban anauza mbuzi na ng'ombe, na ofisi yake iko mlango wa pili kutoka kwangu. Alizaliwa upande wa Wajir. Nimempelekea chai, nikamuuliza kuhusu utoto wake, kalamu nikiwa nimeificha chini ya meza. Amenisimulia jinsi alivyoachiwa mbuzi akiwa na miaka tisa, akatembea nao siku nyingi kutafuta maji, peke yake, fisi wakilia pande zote. Niliandika yote kwa furaha. Nikamwambia pole sana.

Akanitazama. "Pole ya nini, bwana? Mbuzi arobaini, na hakuna mtu mkubwa wa kunituma. Nilijiona waziri."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Huyu mtu hajui kuteseka. Mali nzuri namna hii, na mwenyewe hajui bei yake. Nimeichukua. Katika sura ya pili mwenye mbuzi ni mimi, fisi ni walewale, na ninalia tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda Mitaboni kumwona mama. Amenionyesha mahali alipofyeka kando ya nyumba. Hapo ndipo tangi lake la maji litakapojengwa mwezi ujao, kabla ya mvua za Oktoba. Ni kazi ya mwethya, kikundi cha kina mama wa kijiji: leo wanafanya kwako, kesho kwa mwenzako. Mwenyekiti ni Mama Katunge, mwalimu mstaafu wa ngumbaru. Mama amebeba mchanga na maji ya matangi ya wenzake miaka mitano akingoja zamu. Anaposimulia, anapima duara kwa hatua, anarudi anapima tena.

Nimemwambia ninaandika kitabu kuhusu utoto wangu. Amefurahi. Ametupikia ini. Nimeongezwa mara mbili, kwa ajili ya utafiti.

Jumatano, 13 Agosti

Kitabu kimekwisha! Kinaitwa Nililala Njaa Mitaboni. Nimenakili hapa kipande cha ukurasa wa kumi na moja, ambacho kilinitoa machozi mwenyewe:

"Chungu cha mama kilikuwa kikavu. Moshi ulipanda kutoka nyumba za majirani, harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe ikatufikia, lakini hakuna aliyetupa hata kikombe."

Mumbua ameuliza kama katika kitabu baba bado ni mkaguzi wa nyama. Nimemwambia hapana, ni mlinzi wa usiku, kwa sababu za kisanaa. Ameuliza kama mama amekisoma. Nimemwambia kazi ya mwandishi haisomwi kabla ya wakati.

Jumamosi, 16 Agosti

Picha ya jalada imenisumbua kutwa. Picha ya utotoni ninayo moja tu. Nimesimama mbele ya kabati la vyombo, viatu vya kufunga na soksi nyeupe, chupa ya soda mkononi, mashavu kama nimeficha ndimu. Nimekata viatu. Nimekata soda. Mashavu hayakatiki.

Ufumbuzi: fotokopi ya fotokopi. Kila nilipoipitisha mashine giza liliongezeka na mashavu yakapungua. Mara ya sita nilikuwa mtoto wa kawaida. Mara ya kumi na moja nilikuwa nimekonda vizuri sana. Mara ya kumi na mbili yalibaki macho tu. Nimechukua ya kumi na moja.

Jumapili, 24 Agosti

Siku tukufu! Uzinduzi Mitaboni, uwanjani, baada ya ibada. Mchungaji alinipa muda mfupi, nikauongeza. Nakala zikanunuliwa. Onesmus alikuwepo, akanunua moja, akanipongeza, akaniuliza nimeonaje cha kwake. Nikamwambia kimenisaidia sana ofisini.

Mama Katunge alinunua nakala yake, akavaa miwani papo hapo, akaanza kusoma akiwa amesimama. Hakuinua kichwa mpaka nilipoondoka. Msomaji wa kweli!

Mama aliketi mstari wa mbele akiwa na leso mpya. Hakununua. Alisema atangoja asomewe.

Jumanne, 26 Agosti

Mama amekuja mjini. Si kawaida yake kuja Jumanne. Aliketi kwenye benchi la wateja, kiondo magotini, akangoja nimalize kazi ya mtu. Kisha akaniambia.

Jana mwethya walikutana. Mama Katunge alisimama akausoma ukurasa wa kumi na moja kwa sauti, mara mbili, akavua miwani. Mle ndani alikuwemo mama aliyeninyonyesha wakati mama alipolazwa. Alikuwemo aliyetuletea uji mwezi mzima. Ndipo Mama Katunge akasema, "Sisi tusiotoa hata kikombe, tutatoaje tangi?"

Zamu ya mama imewekwa kando mpaka jambo hili lieleweke.

Nikajaribu kumweleza kuhusu sanaa. Akanikatiza.

"Bartholomew, nilikulisha nini?"

"Ini, mwaitu."

"Na siku zingine?"

"Maziwa. Ndizi. Muthokoi."

"Muthokoi wa nani?"

"Wako. Na wa kina Mama Katunge, ulipokuwa mgonjwa."

Akainuka. Akasema Oktoba haiko mbali. Akaenda zake bila kuniuliza kama nimekula. Sikumbuki siku nyingine aliyoondoka hivyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimepata dawa. Karatasi ndogo ya masahihisho! Vitabu vyote vikubwa huwa nayo. Nimechapa: "Ukurasa wa 11. Palipoandikwa 'hakuna aliyetupa hata kikombe', pasomwe 'kila mmoja alitupa kikombe'." Nimezipeleka Mitaboni mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kina mama walizipokea kwa mikono miwili bila kunikaribisha ndani. Jambo limekwisha.

Jumamosi, 30 Agosti

Halijakwisha.

Mama Katunge aliwasomea tena ukurasa wa kumi na moja ukiwa umesahihishwa, halafu akaendelea na ukurasa wa kumi na mbili, ambapo ninazimia kwa njaa. Sasa kina mama wanauliza walitoa chakula cha namna gani, mtoto ale nyumba zote halafu azimie. Mmoja amesema labda nilikuwa na minyoo. Mwingine, ambaye hajawahi kumpenda mama, amesema labda vikombe vilikuwa vinaishia kwa Kalondu.

Mumbua amesema niende nikawaombe msamaha. Kwa miguu yangu, na mdomo wangu. Wazo la kizamani. Mimi ni mchapishaji, nina njia zingine.

Toleo la pili! Kila palipo na Mitaboni nitaweka Kola. Kola iko upande mwingine kabisa wa mji. Sijapata kulala huko hata usiku mmoja, kwa hiyo sina wa kumkosea.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya soko. Nililala Njaa Kola ikatundikwa mlangoni asubuhi. Jalada lilelile.

Saa nne akaja mama mmoja mzee mwenye kiondo, akakisoma akiwa amesimama, kwa namna ya kusimama niliyodhani nimewahi kuiona mahali. Akaniuliza nilikuwa nakaa wapi pale Kola.

Nikasema, "Karibu na shule."

"Upande gani wa shule?"

"Upande wa chini."

"Upande wa chini kuna boma moja tu," akasema. "Ni langu."

Ni dada yake Mama Katunge. Aliolewa Kola. Nimefunga kibanda mapema kwa sababu za kiafya.

Jumanne, 2 Septemba

Liban amekisoma kitabu. Ameingia akicheka, kidole kwenye sura ya pili.

"Huyu mtoto ni mimi," amesema. "Lakini mbona analia hivi? Mbuzi wangemkimbia."

Nilikuwa tayari kukana, lakini hakuwa na hasira yoyote, jambo ambalo lilinivunja moyo kidogo. Nikamweleza kuhusu tangi. Akaacha kucheka. Akasema kwao ukimkosea mtu hupeleki karatasi, unapeleka mnyama, na unampeleka wewe. Amenipa beberu mweusi. Nami nitamtolea nakala za vibali vyake vya mifugo hadi Krismasi, na katika toleo la tatu yule mtoto ataacha kulia.

Kwa hiyo beberu ni wazo langu. Liban alinikumbusha tu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempeleka beberu Mitaboni. Njiani aliingiza kichwa kwenye mfuko wangu akala nakala ya toleo la pili, jalada na yote. Ndiye wa kwanza kukimaliza kitabu bila kulalamika.

Mama Katunge alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwonyesha beberu. Hakumtazama.

"Mbuzi tuko nao," akasema. "Kaa chini, mwana wa Kalondu."

Nikakaa. Kwenye kigoda kando yake palikuwa na vitabu viwili: changu, na kile cha Onesmus. Akakifungua cha Onesmus mahali palipokunjwa, akavaa miwani, akanisomea.

Onesmus ameandika kwamba Ijumaa, akitoka shule, alikuwa akipita na makaa kichwani nyumbani kwa mkaguzi wa nyama. Mke wa mkaguzi, Kalondu, alinunua makaa hata kama alikuwa nayo tele. Halafu alimnawisha mikono, akamketisha mezani, akampa ini na ugali, "pamoja na mwanawe, mtoto mnene, ambaye siku moja alilia kwa sababu kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko chake."

Nimeishi na kitabu hicho chini ya meza mwezi mzima!

Mama Katunge akavua miwani. "Mtoto wa jirani ndiye amemtaja Kalondu vizuri," akasema. "Tutamjengea kwa ajili ya hayo. Si kwa ajili ya mbuzi."

Nikashukuru. Akasema bado hajamaliza. Jumamosi nitabeba mchanga kutoka mtoni pamoja na kina mama, tangu asubuhi. Halafu nitakula.

La mchanga lilinishtua. La kula nililiona kama huruma.

Nimerudi na beberu nikiwa na uchungu moyoni. Onesmus amemtumia mama yangu mzazi katika kitabu chake bila ruhusa. Na ini letu pia! Halafu nilikumbuka ile siku. Kipande chake kilikuwa kikubwa kweli.

Jumamosi, 6 Septemba

Ninaandika nikiwa nimelala chali. Sina namna nyingine.

Mchanga kwanza. Kina mama wanabeba gunia kwa kamba ya kichwani na wanaendelea kupiga hadithi. Mimi nilibeba nusu gunia na sikuwa na hadithi. Kila nilipotua, mama aliyeninyonyesha alipita na gunia zima akinisalimia. Onesmus alikuwa amefika kabla yangu. Hakuna aliyemwita. Alibeba mawe ya msingi, na alikuwa anajua fundi anataka jiwe gani.

Adhuhuri fundi akapumzika. Nikaketishwa kwenye kiti, peke yangu, mbele ya watu. Mama Katunge akanipa kitabu changu, akaniambia nisome ukurasa wa kumi na moja kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika "hata kikombe" sauti yangu ilikuwa ndogo. Hakuna aliyecheka. Mama Katunge akapiga makofi mara moja.

Wakaja na vyungu. Kila mmoja na chungu chake kutoka nyumbani kwake, na kikombe chake! Wakapanga mstari.

Wa kwanza alikuwa Mama Katunge mwenyewe. Muthokoi. Nilikuwa na njaa, nikala kwa furaha, nikasifu. Wa pili, muthokoi na maharagwe. Wa tatu, muthokoi na mboga za kunde. Nikaomba maji. Nikapewa uji.

Kufikia wa saba niliinua mkono kusema nimeshiba. Mama wa saba akaushusha taratibu.

"Na hiki changu je? Usije ukaandika."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka fundi akateremka kwenye mawe kuja kutazama. Tangu hapo kila aliyefika mbele yangu alikuwa na neno lake. Mmoja alisema ongeza, hiki ni kwa ajili ya ukurasa wa kumi na mbili, usizimie. Dada wa Kola alikuwa amekuja pia, mwendo wote huo, na sufuria ya viazi. Alisema ni chakula cha upande wa chini wa shule. Mumbua, mke wangu wa ndoa, alikuwa anawashikia vifuniko.

Onesmus alipewa sahani moja, akala akamaliza, akarudi kwenye mawe. Watu wengine wana bahati.

Nilipodhani mstari umekwisha, akaja mama. Alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ini.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilimtazama. Nyuma yake msingi ulikuwa umekwisha na ukuta wa tangi ulikuwa umeshafika magotini mwa fundi. Nikasema bado, mwaitu. Nikala.

Beberu hakuchinjwa. Mama Katunge amemkabidhi kwa mama, amfuge karibu na tangi.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya pili kitandani. Tumbo ni ngoma. Fundi ametuma habari kwamba tangi litakuwa tayari kabla ya mvua. Mama anapika chai ya mafundi mara tatu kwa siku na amewaambia watu wote duara ni lilelile alilolipima.

Mumbua amesema natumaini umejifunza kitu, Baba Mutindi. Nimemwambia ndiyo, kikubwa sana. Nilikuwa natafuta mateso mbali, kwenye utoto na kwa fisi wa Wajir, kumbe yalikuwa yananingoja Mitaboni mchana kweupe. Ni ya kweli tupu. Yana mashahidi! Nimeanza sura ya kwanza nikiwa na mto chini ya kiuno. Nililishwa kwa Nguvu: Hadithi ya Kweli ya Mtu Mzima Aliyeteswa. Kutakuwa na mwanamke katili mwenye miwani.

Mumbua amenikumbusha kwamba mwaka ujao mwethya wataezeka majiko, na mama ameomba zamu ya kwanza, na anayepanga zamu ni mwanamke mwenye miwani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Safari hii mambo yote nitayahamishia Masii. Huko hatujui mtu.

Amesema, "Shangazi yangu ameolewa Masii."

Basi Mwala.

Liban amekubali kunipiga picha ya jalada hapahapa kitandani. Imetoka leo. Mashavu yamezidi hata ya utotoni. Kesho nikiweza kusimama nitaipitisha kwenye mashine. Nadhani mara ishirini zitatosha.